Hedifoni Iliyokuwa Inavuja

Mwezi uliopita nilikwenda Turwa kumwona binamu yangu Marwa, mtoto wa shangazi, na swali aliloniuliza kabla chai haijapoa lilinichosha kuliko safari yenyewe. Marwa siku hizi hasikii vizuri. Miaka mingi alifanya kazi kwenye karasha kule Nyamongo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kelele zake zimemmaliza masikio. Ukitaka akusikie unakaa upande wake wa kulia na unapaza sauti, na yeye naye anapaza kana kwamba kiziwi ni wewe. Mke wake, Wankuru, alikuwa ametuwekea chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Nilimwamkia kaka yangu shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za watoto, za mvua, za mihogo iliyooza shambani. Kisha akaniegemea, akauliza kwa ile sauti yake ya karasha: "Robi, hebu niambie. Ile hedifoni yako ya kule kwa mama. Viraka vyangu vilishika?"

Nikamwambia angoje kwanza ninywe chai. Hedifoni yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wangu chini ya kiti, haikufika hata hatua moja kutoka mguuni kwake, maana huwa nasafiri nayo. Nilikiinamia kikombe muda mrefu kuliko chai iliyokuwemo. Watu huniuliza mambo mengi kuhusu mwaka ule na mengi nayajibu bila shida. Hilo moja nilikuwa nimeomba lisiulizwe.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuwa ya aina ile ambayo mtu hayataji mbele ya wageni. Shangazi Bhoke, mama yake Marwa, alipopata kiharusi, ukoo ulitazama huku na huku kumtafuta mtu asiye na kazi, na macho yote yakatua kwangu. Nikapelekwa Morotonga, pembeni ya Mugumu, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili na migomba michache nyuma ya dirisha. Shangazi alikuwa ameendesha hoteli ya chai pale stendi tangu kabla sijazaliwa. Hoteli yenyewe ilikuwa mabenchi manne na moshi, lakini yeye alisimama mlangoni tangu asubuhi, upawa mkononi, akiwaita abiria: karibu, karibu ndani, karibu chai, karibu supu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wa mwili, kikamchukua Kiswahili chote, kikamchukua hata Kikurya alichonyonya kwa mama yake. Kikamwachia neno moja tu. Neno hilo lilikuwa karibu.

Kwa neno hilo alisema kila kitu. Karibu ya njaa ilikuwa fupi, imekatika mwishoni. Karibu ya choo ilikuja mbili mbili, haraka, na hapo ulitakiwa uache chochote ulichoshika. Kulikuwa na karibu ya kutaka kugeuzwa ubavu, na karibu ya hasira, ndefu, inayopanda, ambayo mimi ndiye niliyeipata mara nyingi zaidi, kwa sababu shangazi hakuwa mtu mwepesi hata alipokuwa mzima. Wageni ndio waliokuwa wakinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mama wa jirani anafika mlangoni, anapiga hodi, kutoka chumbani inajibu karibu, karibu. Anaingia amefurahi, anasema mbona anaongea vizuri tu, Mungu ni mwema, na kumbe mwenzake anaomba beseni. Kulikuwa pia na karibu nyingine, ya chini, laini, isiyodai kitu. Hiyo ilianza baadaye, saa za mchana, na nilipomkimbilia nikamkuta hahitaji lolote. Nikaamua ni ndoto, yuko stendi na wateja wake.

Sijui niseme nini juu ya uchovu wa mwaka ule. Kumgeuza, kumwosha, kufua mashuka, kukoroga uji wa ulezi, kumlisha kijiko kwa kijiko huku nusu ikirudi kidevuni, kuchota maji, kufua tena. Mikono ilinuka sabuni hata nikila dagaa. Na nyumba ilikuwa kimya. Nesi wa zahanati alisema mgonjwa asisumbuliwe na makelele, basi baba mdogo Chacha, mdogo wake shangazi, akaifanya kauli hiyo kuwa sheria. Akaichukua redio ya shangazi, ile iliyokuwa ikipiga hotelini kutwa nzima, akaondoka nayo kwake Turwa, eti kwa usalama wa mgonjwa. Watu walipokuja waliongea kwa kunong'ona. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote katikati ya honi za mabasi, muziki na kelele za wapiga debe akalazwa kwenye kimya, na sote tulidhani tunamtunza.

Mimi kilichonisaidia kuamka ni muziki. Nilikuwa nimejaza nyimbo kwenye memori kadi: kwaya, dansi la zamani, na mzee mmoja wa Kikurya aliyerekodiwa arusini akipiga litungu, lile zeze letu la nyuzi nane, watu wakimjibu kwa vigelegele. Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la vyombo na spika yake ikafa, kwa hiyo bila kitu cha kuvaa sikioni sikuwa na wimbo. Nilianza na vile vidogo vya kuchomeka. Vikaziba masikio barabara, nikaimba mwenyewe jikoni mpaka nikasahau kuna mgonjwa, na niliporudi chumbani shangazi alikuwa amechoka kunikaribisha. Nilifua godoro lote siku ile. Baada ya hapo nikavaa kimoja na kingine nikakiacha kinaning'inia, lakini muziki wa sikio moja ni ugali bila mboga. Gitaa liko huku, sauti iko kule, wewe umepewa upande mmoja.

Nikaenda kwa Jumanne. Huyu alikuwa Mnyiramba wa Singida aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu, dhahabu ikamkataa, akahamia Mugumu na kufungua kibanda cha chaja, makava ya simu na kuwarushia watu nyimbo kwenye simu. Maneno yalikuwa hayamwishi. Alinitolea kwanza ile nyeusi kubwa, imefunika sikio lote kwa sponji. "Dada, hii ina besi ya kutikisa meno. Ukivaa hii hata mkwe akija humsikii." Nikaivaa. Besi kweli ilikuwepo, nzito, imemmeza mwimbaji, na masikio yakaanza kutoka jasho pale pale. Nikamwambia asimame nyuma yangu aseme karibu.

"Karibu wapi?"

"Sema tu. Polepole, kama mtu mgonjwa."

Alinitazama kama anayefikiria kumwita mtu, kisha akazunguka nyuma na kuanza. Sikusikia kitu. Nikavua, nikajaribu ya pili, ya rangi ya fedha, nayo ikawa vilevile. Jumanne akiwa huko nyuma anasema karibu, karibu, kwa sauti ya huruma, mama mmoja mwenye kikapu akaingia na kusema asante mwanangu, mna chaja ya pini ndogo? Nyuma yake wakaingia vijana wawili. Jumanne akasema nisimwache, nina bahati kuliko tangazo.

Ya tatu ilikuwa juu ya rafu, kwenye boksi lililopasuka. Aliposikia nikiiulizia alikunja uso. "Hiyo niachie, dada. Ilikuja na mzigo wa mpakani, Sirari. Kila anayeivaa anarudisha. Inavuja." Migongoni mwa vikombe vyake vya masikio kulikuwa na matundu madogo yamepangwa mduara, na waya wake ulikuwa mrefu mno, wa kutoka kitandani kwa shangazi mpaka jikoni na kubaki. Nilisoma maandishi ya kwenye boksi, nikamwambia haijatoboka, imetengenezwa hivyo, nusu wazi. Jumanne akacheka. "Sasa nyumba ikiwa nusu wazi, si mwizi anaingia?"

Nikamwambia mimi namtaka huyo mwizi aingie. Nikaivaa, nikaweka yule mzee wa litungu. Besi ilipungua, sitadanganya, haikutikisa jino lolote. Lakini kila kitu kilikuwa na nafasi yake. Nyuzi nene zilikuwa huku chini, sauti ya mzee mbele, wanawake wa vigelegele mbali kidogo, kama vile walisimama kweli uani. Na nyuma yangu, katikati ya nyimbo na watu, nikasikia Jumanne akisema karibu. Nilisikia wazi, na kuchoka kwake nikakusikia. Nikainunua. Kwa kuwa alishaitangaza mbovu, alishindwa kunipandishia bei.

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi mizuri, kama mwaka ule ulikuwa nayo. Asubuhi nilifanya kazi zote, na mchana, baada ya kumlisha shangazi, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, simu mfukoni, hedifoni kichwani, nikichambua mchele au kumenya mihogo. Akihitaji kitu nilimsikia. Ile karibu ya ndoto, ya chini, ndiyo ilianza siku hizo. Alikuwa akila. Aliongezeka mwili kidogo, hata mama wa jirani akasema mikono yangu ina baraka. Nilikubali sifa hizo bila kubisha.

Kisha Marwa akaja kutoka Nyamongo na pikipiki yake, vumbi tupu, amebeba sukari, mchele na kanga ya mama yake. Alikaa siku mbili. Alikuwa mtu wa upendo mwingi na mikono isiyotulia. Alipigilia msumari mlango, akakaza mguu wa meza, akaziba bati lililokuwa linatona juu ya jiko. Kila alichokiona kina tundu alikiona ni kazi yake. Jioni ya kwanza aliniona na hedifoni, akasogeza kichwa, akasema: "Robi, hiki kitu chako kinavuja. Nasikia wimbo mpaka huku." Nikamwambia ndivyo kilivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona dada yake amedanganywa na Wanyiramba. Kesho yake nilikwenda kisimani. Niliporudi alishaondoka kuwahi zamu, na hedifoni ilikuwa mezani. Alikuwa ametoa vifaa vyake vya kuzibia tyubu, akakata viraka vidogo vya mduara, akapaka solusheni, akaziba matundu yote, pande zote mbili, kwa ustadi ambao hata fundi wa baiskeli angeusifu. Pembeni aliacha pipi mbili.

Ningependa kusema nilikasirika. Nilifurahi. Besi ilinenepa, na nikaona labda kaka yangu ameongeza kitu. Shangazi nilimsikia kwa shida, kwa hiyo nikawa nainua kikombe kimoja kila mara, na mambo yakaendelea.

Lakini shangazi hakuendelea. Kwanza aliacha uji wa mchana. Halafu wa jioni. Kijiko kikifika mdomoni anageuza uso ukutani. Ile karibu laini ikapotea kabisa, zikabaki za choo na za hasira, na baada ya wiki chache hata za hasira zikapungua, na kupungua huko ndiko kulinitisha. Nilimpikia maziwa ya mgando, nikampikia supu ya kuku, nikamwomba, nikalia mbele yake. Alinitazama kwa jicho lile moja lililobaki na nguvu, kama ninayemficha kitu. Nesi akapima, akasema presha iko sawa, mapafu safi, labda amekata tamaa. Nikampigia simu baba mdogo.

Baba mdogo Chacha alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa chumba cha nje wakila ugali wangu wa mtama. Mimi nilikuwa kwenye kona naosha sufuria, hedifoni kichwani, simu imekwisha chaji tangu asubuhi. Wao hawakujua. Na baba mdogo ana sauti ambayo kiraka hakiizuii.

"Huyu amekata shauri," alisema. "Tumpeleke Turwa akafie nyumbani. Akisafiri akiwa hai anakaa kwenye kiti. Akisafiri maiti tunakodi gari zima."

Mzee mmoja akamwita kijana kwa Kikurya: "Mura, polepole, binti yupo."

"Amevaa vyombo vyake. Hasikii. Jumamosi naleta gari la rafiki yangu. Huyu binti naye apumzike, kuna mtu kule Nyamwaga ameulizia kumwoa."

Nilisugua sufuria ile mpaka ikang'aa chini. Nilijua shangazi akipelekwa Turwa hatamaliza mwezi. Huko hana stendi, hana jirani, hana hata anayejua karibu ipi ni ya maji. Na hilo la mtu wa Nyamwaga nililisikia pia, lakini ukiwa umechoka kiasi kile hata habari zako mwenyewe unazisikia kama za jirani. Nilichotaka ni ale. Akila, hakuna wa kumbeba.

Alhamisi mchana nilikuwa nabadilisha mashuka. Muziki ulikuwa unapiga, yule mzee wa litungu, nikavua hedifoni ili niinue mgongo wa shangazi, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa nikaitupa kwenye mto, vikombe vimeangalia juu. Shangazi aligeuza shingo. Siku nyingi alikuwa akiigeuzia ukutani tu. Akaitazama ile hedifoni, mkono wake wa kushoto ukapapasa shuka kuitafuta, akasema karibu. Ilikuwa ile ya chini, laini. Nami nikiwa nimemkumbatia hivyo, sikio langu mdomoni kwake, nikaitambua kwa mara ya kwanza. Hakuwa akiota wateja. Alikuwa anaimba. Alikuwa anaitikia mzee yule pale wanawake wanapoitikia, kwa neno pekee alilobakiwa nalo.

Miezi yote ile nilipokaa kwenye kigoda nikidhani nasikiliza peke yangu, yeye alikuwa anasikiliza kinachovuja. Chakula chake cha mchana kilikuwa kile. Kisha siku moja kikakatika bila maelezo, na mtu wa kulalamika kwa neno moja ataanzia wapi? Alilalamika kwa njia aliyokuwa nayo, akafunga mdomo.

Nilimvisha hedifoni kichwani. Akaisukuma. Nikamvisha tena, akaisukuma kwa hasira, na karibu ndefu ikafuata, ambayo sikuwahi kuifurahia kiasi kile. Akanionyesha kigoda kwa kidevu. Alitaka kama zamani: mimi nivae, nikae, niwe na mihogo yangu, na yeye apate kinachomwagika. Basi nikachukua pini ya nywele na wembe, nikakaa pale, nikabandua viraka vya Marwa kimoja kimoja. Vilikuwa vimeshika kwelikweli. Vingine vilitoka na rangi, na tundu moja la upande wa kushoto mpaka leo lina solusheni ndani. Nilipomaliza nikaivaa, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikachukua bakuli. Alikula uji wote. Alipomaliza akasema karibu fupi, iliyokatika mwishoni, nikaenda kumwongezea.

Jumamosi baba mdogo alifika na gari, akamkuta dada yake ameegemea mito, shavu limejaa kiazi. Alisimama mlangoni. Shangazi akamwambia karibu. Baba mdogo akasema anaongea vizuri, akanywa chai, akaondoka na gari lake tupu, na mtu wa Nyamwaga sikumsikia tena. Nilimweleza kuhusu muziki, akasema ni maombi ya kanisani yaliyofanya kazi. Redio hakuirudisha.

Shangazi aliishi mpaka mtama ukavunwa. Alifariki mchana, nikiwa kwenye kigoda, wimbo ukiwa katikati. Nilisubiri aitikie na hakuitikia. Gari zima lilikodiwa. Marwa alipata habari akiwa zamu, mvua ikaharibu barabara, na alipofika Turwa tulikuwa tumeshafukia. Alichukua jembe kutoka kwa mtu akarudishia udongo ambao tayari ulikuwa umetosha.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, mzee kabla ya muda wake, mkono nyuma ya sikio, akingoja. Wankuru aliacha kuosha vyombo. "Huwa nawaza," Marwa alisema, "mwaka ule mama anaumwa mimi nilikuwa nasaga mawe ya watu. Sikumlisha hata siku moja. Sikumzika. Lakini ile hedifoni niliiziba. Nikasema angalau Robi asikilize vizuri, asichoke, amwangalie mama. Ndiyo maana nakuuliza. Vilishika?"

Nilisogeza mkoba kwa kisigino, taratibu, mpaka ukagusa ukuta nyuma yangu. Nikasema vilishika.

"Eeh?"

"Vilishika, kaka."

Akatikisa kichwa, hakusikia. Akageuza sikio la kulia. Ilibidi nisimame, niiname, niweke mdomo pale, na niupaze uongo wangu mpaka majirani wakageuka: "Viraka vyako vilishika! Mpaka siku ya mwisho!"

Uso wake ukafunguka. Akamgeukia mke wake, akampigia kelele mtu aliyekuwa amesikia kila kitu: "Umesikia? Vilishika." Kisha akanisukumia sahani ya viazi, akasema kwa sauti ndogo, ya kwanza ndogo niliyoisikia kwake siku ile, "Karibu, Robi. Karibu, kula."

Nilikula. Nilikuwa nimeshiba, lakini nilikula vyote.